UZI: Ramani ya mafuriko ya mtaa wako iko wapi, na nani anaitunza? Tuliyojifunza Bonde la Msimbazi

#1 MpimaMitaro

Wakuu, heshima kwenu.

Masika inakaribia, na kila mwaka majira haya naona watu humu wanauliza kama kiwanja cha mahali fulani kinajaa maji. Majibu huwa ya aina moja: "Pako vizuri mkuu, nimepita juzi." Juzi ilikuwa kiangazi! Kiwanja cha bondeni kikiwa kikavu kinapendeza kuliko cha mlimani, na dalali analijua hilo.

Naomba nieleze kwa kirefu jambo nililolifanya kwa miguu yangu. Mwaka 2015 nilikuwa mwanafunzi Dar nikaingia Ramani Huria, kazi ya kuchora ramani za kata zinazopata mafuriko. Ilihusisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), Jiji, Msalaba Mwekundu, Benki ya Dunia, na HOT, kundi la wachora ramani wa kujitolea lililozaliwa baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010. Ramani zenyewe ziliwekwa OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyo wazi mtandaoni, ambako mtu yeyote anaruhusiwa kuzitazama na kuzisahihisha bila kulipa.

Chanzo cha yote wengi mnakikumbuka. Desemba 2011 mvua ilinyesha Dar mfululizo, watu wapatao 40 wakafariki, na familia nyingi za bonde la mto Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Waokoaji walikuwa wanaelekezwa kwa maneno: "Ingia pale kwenye mwembe, pita nyuma ya msikiti, uliza kwa mama muuza chapati." Mwembe umezama na mama muuza chapati amekimbia. Utafika vipi?

Sasa niwaambie kazi ilivyokuwa. Kwanza tulipata picha za juu. Setilaiti zilikuwepo, ila kwa uswahilini hazitoshi, maana bati limegusana na bati na kichochoro hakionekani. Ndege nyuki (droni) ikarushwa na kuleta picha ambazo unaona hadi ndoo iliyoachwa uani. Kwenye picha hizo tukachora nyumba moja moja kwenye kompyuta. Kazi ya kukaa, macho yanauma, lakini mtu makini anaimaliza.

Kazi yenyewe hasa ilikuwa mtaani. Ndege nyuki haioni chini ya bati, haijui mtaro unaelekeza maji wapi, na wala haikuwepo mwaka 2011. Mwenye majibu ni mkazi. Tukawa tunatembea wanafunzi wawili na mjumbe wa shina (kiongozi wa kundi dogo la nyumba ndani ya mtaa), simu ina programu ya ODK yenye fomu ya maswali, futi kamba mkononi. Tunapima mtaro upana na kina, tunaandika umejengwa kwa zege, mawe au ni udongo mtupu, umeziba au unapitisha, maji yanakwenda upande upi. Mtaro mmoja niliufuata tangu barabara ya lami, mita kama mia mbili hivi, zege safi kabisa, ukaishia kwenye ukuta wa nyumba ya mtu. Hakuna muendelezo! Maji yote ya barabara yalikuwa yanakabidhiwa familia moja. Kwenye makaratasi ya ujenzi mtaro ule bila shaka ulihesabiwa kuwa umekamilika. Ni hadi ulipouchora pamoja na mitaro mingine yote ndipo ukauona ulivyokatika.

Kisha swali kubwa: "Maji yalifika wapi?" Hapa nilijifunza kitu ambacho darasani hawakunifundisha. Mtu hakuambii sentimita. Anakuambia kifundo cha mguu, goti, kiuno, kifua. Anakuonyesha ukutani ule mstari wa tope usiofutika hata upake chokaa mara tatu. Tukafurahi, tukapima kutoka sakafuni hadi kwenye mstari, tukaandika. Baada ya wiki mbili mama mmoja akatucheka kwa upole: "Wanangu, sakafu hii si ile ya 2011. Tumemwaga kifusi tukapandisha." Kumbe kila mwenye uwezo alikuwa amenyanyua sakafu yake, kwa hiyo vipimo vyetu vya sehemu ile vilionyesha maji mafupi kuliko yalivyokuwa. Tukarudi kuanza upya, safari hii tukipima kutoka usawa wa mtaro au wa njia. Na mama yule akatuongezea la pili: nyumba ikinyanyuliwa, maji yake yanahamia kwa jirani asiye na hela ya kifusi. Kwa hiyo anayejaa maji leo huenda hakujaa 2011.

Kitu kingine kikubwa ni mipaka ya mashina. Kata ina mpaka, mtaa una mpaka, lakini shina la mjumbe halikuwa limechorwa popote. Liko kichwani mwa mjumbe. Na kwenye maafa, mjumbe ndiye anayejua nani ni mgonjwa kitandani, nani ana mapacha wachanga, nani amelala ndani maana anafanya kazi ya usiku. Tulitembea na wajumbe wakituonyesha: "Hapa kwangu panaishia kwenye hiki choo, ng'ambo ni kwa mwenzangu." Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote tulizofanya, kuliko hata zile picha nzuri za angani.

Baada ya hapo data zinaingia kwenye QGIS, programu ya kuchambua ramani, na nyingine iitwayo InaSAFE, iliyotengenezwa Indonesia. Ukiipa eneo ambalo maji hufika, nyumba zilizopo na idadi ya watu, inakuhesabia wangapi wataathirika na watahitaji mchele kiasi gani, maji ya kunywa kiasi gani, vyoo vingapi. Yaani kamati inaweza kujua mahitaji hayo kabla tone halijadondoka.

Na sasa shida iliyonifanya nianzishe uzi. Mitaro tuliyoipima 2015 leo mingine imefukiwa, mingine imejengewa juu, mingine imeongezwa. Makorongo yamehama. Ramani ile ni ya mtaa ambao haupo tena. Ukienda ofisi nyingi za serikali ya mtaa hutaikuta ukutani. Utakuta kalenda ya zamani. Mitaa yetu ilichorwa vizuri kuliko mitaa mingi ya Afrika, na sehemu kubwa imeachwa bila mtu wa kuitunza. Mimi naamini ramani ya hatari ni kama mtaro wenyewe, isipozibuliwa kila mwaka inaziba.

Ninawauliza: mtaani kwenu ramani ipo? Nani ameishika?

---

#2 Mama_Hananasif

Asante kwa uzi mwanangu. Lakini useme na upande wa pili. Sisi tuliona watu na simu zao wanapima, wanauliza "mama mnaishi wangapi hapa," tukajibu vizuri, tukawapa na viti wakae. Mwisho wa mwaka huohuo 2015 zikaja alama za X nyekundu ukutani na matingatinga bondeni. Mwenye kupima na mwenye kubomoa sisi tutawatofautishaje? Wote wana makaratasi. Kuanzia siku hiyo mtu akija na simu naangalia pembeni. Ninaumia kusema hivi maana najua maji yanaua, mwaka 2011 nilishika watoto wawili juu ya meza usiku kucha.

---

#3 MpimaMitaro

Shikamoo mama. Nakushukuru kwa kusema, na sitakujibu kwa kujitetea.

Ubomoaji ule haukutokana na simu zetu. Ulikuwa wa mamlaka na ulisimamia sheria za hifadhi ya bonde. Lakini kwako wewe uliyekaa mlangoni, vijana walikuja, na baadaye tingatinga likaja, na hakuna aliyekurudia kukueleza tofauti. Hilo ni kosa letu tuliopima. Tulichukua majibu, tukaondoka, na katika mitaa mingi matokeo hayakurudi kwa waliotujibu. Mwaka 2016 niligonga milango ambayo mwaka mmoja nyuma ilikuwa inafunguliwa kwa chai, nikafungiwa. Nilistahili.

Kuna mambo mawili nimeyashika tangu hapo na ninamsihi kila kijana anayefanya kazi hii ayashike. La kwanza, usichukue jina la mwenye nyumba kama huna haja nalo. Ramani ya mafuriko inahitaji kujua maji yalifika kiunoni mahali hapa. Haihitaji kujua mahali hapa ni pa nani. OpenStreetMap ni wazi kwa dunia nzima, kwa hiyo jina la mtu, simu yake, ugonjwa wake, visiingie humo kamwe. Orodha ya wagonjwa na wazee ibaki kwenye daftari la mjumbe. La pili, siku unapopima, sema siku utakayorudi na karatasi iliyochapwa, na urudi.

Na kuna faida ya ramani kuwa mkononi mwa wakazi ambayo hatuisemi vya kutosha. Siku mtu akija na mpango wa kuhamisha watu, mtaa wenye ramani yake unaweza kumwambia: nyumba hizi hujaa hadi kifuani, zile hazijai kabisa, na zile zingine zinajaa kwa sababu kalavati lenu ni dogo. Mtaa usio na ramani unapokea ile aliyokuja nayo mgeni.

---

#4 WaMathareKabisa

Salamu kutoka Nairobi. Nasoma hii nikiona ni kama naongea na jirani. Kibera kabla ya 2009 ukiitafuta kwenye ramani ulipata eneo tupu, kama msitu vile, na watu wamejaa hapo. Vijana wa Kibera wenyewe ndio waliichora ikaitwa Map Kibera, na waliowafundisha ndio waliokuja kwenu Tandale 2011, kwa hiyo sisi ni ndugu wa ramani.

Lakini mama hapo juu ameongea ukweli. Mwaka 2024 mafuriko ya Aprili yalitupiga Mathare, watu wakafa, na kabla matope hayajakauka serikali ikaamuru watu watoke mita 30 kutoka mtoni, nyumba zikabomolewa. Mita 30 zilipimwa kutoka wapi? Kingo za mto zinabadilika. Mahali pengine maji yalifika mbali kuliko hizo mita 30, na pengine hayakufika hata 10. Mstari wa kunyoosha kwa rula haujui mto unapinda wapi. Ninaunga mkono: wenyeji wapime alama za maji wenyewe, mapema, kabla ya mtu wa rula.

---

#5 kijana_wa_data

Kwani si simu inatosha jamani? Ramani za Google zipo na nyumba zinaonekana zote. Kwa nini tusumbuke?

---

#6 MpimaMitaro

Swali la haki kabisa mkuu. Fungua hiyo ramani sasa hivi, tafuta mtaa wako, niambie mtaro ulio nyuma ya nyumba yako una kina gani na kalavati lipi limeziba. Hutaliona. Zile zimechorwa kwa ajili ya anayeendesha gari na anayetafuta duka. Isitoshe huwezi kuchukua data zake ukazitia kwenye hesabu zako za mafuriko bila ruhusa yao.

Niongeze jambo ambalo watu wanaona aibu kulitaja. Mvua kubwa ikija, baadhi ya watu wanatapisha vyoo. Wote tunajua. Tukichora mitaro tulichora na vyoo vinavyofunguliwa kuingia mitaroni, kwa sababu maji yale ndiyo yanayoingia kwenye kisima na kwenye sufuria ya jirani. Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia Kinondoni, na ilikuwa si msimu wa mvua hata. Hebu fikiria kikikutana na masika. Ramani ya namna hiyo hakuna kampuni ya ughaibuni itakayokuchorea.

---

#7 Mtu_wa_Goma

Jambo wandugu. Mimi niko Goma, Kongo. Huku kwetu si maji, ni moto. Volkano yetu ya Nyiragongo ilitapika 1977, ikatapika Januari 2002 lava ikakata katikati ya mji, ikatapika tena tarehe 22 Mei 2021. Naandika kwa sababu maneno ya MpimaMitaro kuhusu kutunza yamenichoma moyo.

Sisi tuna kituo cha kuchunguza volkano hapa mjini. Kina mitambo ya kusikiliza ardhi inavyotetemeka, imetegwa milimani. Kina wataalamu wetu wenyewe. Kuna ramani ya njia ambazo lava inaweza kufuata, na mjini kuna mbao za rangi: kijani, njano, chungwa, nyekundu, ili mama akienda sokoni ajue mlima umeamkaje. Kila kitu kilikuwapo. Mwaka 2020 ufadhili ulikatika, ikafika kipindi cha miezi kadhaa hakuna hata pesa ya intaneti ya kupokea data kutoka kwenye mitambo. Mlima ulikuwa unaongea na sisi tulikuwa hatuna njia ya kumsikia. Intaneti ilirudi wiki chache tu kabla ya mlipuko, na jioni ile ya Jumamosi hakuna aliyekuwa ametuambia kitu. Tuliona tu anga ni nyekundu, tukakimbia kuelekea mpakani Rwanda, wengine kuelekea mji wa Sake. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege. Watoto wengi walipotezana na wazazi barabarani.

Siku tano baadaye ikatolewa amri ya kuhama mitaa kumi ya mji. Barabara ya Sake ilijaa magari, pikipiki, magodoro, mbuzi. Watu walikuwa hawajui waende wapi hasa, na walipofika hapakuwa na maji.

Kwa hiyo mimi nikisikia mtu anasema "tumenunua mfumo wa kisasa wa tahadhari," ninauliza: mwezi wa kumi na tatu nani atalipa umeme na intaneti? Na pale ambapo watu watakimbilia, kuna maji?

---

#8 MpimaMitaro

Ndugu wa Goma, poleni sana. Nimesoma mara tatu. Hilo swali la mwezi wa kumi na tatu nitaliiba nilipeleke kwenye kila kikao.

---

#9 FundiKalavati

Mkuu MpimaMitaro, mimi ni fundi ujenzi na ni mjumbe wa kamati mtaani kwetu. Hatuna ndege nyuki, hatuna mfadhili, tuna vijana sita wenye simu. Tunaanzaje? Usinipe nadharia tafadhali, masika iko mlangoni.

---

#10 MpimaMitaro

Sawa fundi. Nitakupa jinsi ambavyo mimi ningefanya ningekuwa kwako wiki hii.

Usianze na simu. Anza na wazee na wajumbe, kaeni nao mara moja, na karatasi kubwa. Ingia tovuti ya Field Papers, chagua mtaa wako kwenye ramani, inakupa kurasa za kuchapa zenye kialama pembeni. Chapa hata nyeusi na nyeupe. Wazee wachore kwa kalamu: maji huingia hapa, hutokea hapa, hapa mtoto alisombwa, hapa ukuta ulianguka. Baadaye unaipiga karatasi picha na mfumo unairudisha mahali pake kwenye ramani. Nimeona karatasi za namna hiyo zikiwa na habari nyingi kuliko wiki nzima ya simu.

Kisha vijana watoke wawili wawili. ODK ni bure, inafanya kazi bila bando mkiwa mtaani, mnatuma mkirudi kwenye intaneti. Fomu iwe fupi! Kosa la wageni ni fomu ya maswali sitini. Wewe uliza kina cha mtaro, upana, umeziba au la, maji yalifika wapi na mwaka gani, basi. Na pimeni kutoka usawa wa njia, msirudie kosa letu la sakafu. GPS ya simu inaweza kukosea mita tano au zaidi kwenye vichochoro, kwa hiyo kijana aweke alama kwa jicho juu ya picha, asiiamini ile nukta ya bluu.

Wewe kama fundi nina ombi maalumu kwako. Pima makalavati. Kwenye mtaa wa bondeni, sehemu kubwa ya mafuriko madogo, yale ya kila mwaka, inatokana na mtaro mpana kuingia kwenye bomba dogo. Vijana wa chuo tulikuwa tunaandika "kalavati lipo." Fundi ataandika "kalavati ni dogo kuliko mtaro unaoleta maji," na sentensi hiyo ndiyo inayomfanya mhandisi wa halmashauri ainue kichwa.

Kwa tahadhari, fuatilieni rangi za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Angalizo ni njano, tahadhari ni chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Kaeni kikao mkubaliane kila rangi inamaanisha nini kwenu. Kwa mfano njano, vijana wanazibua mitaro. Chungwa, nyaraka na sare za shule zinawekwa juu, wagonjwa wanahamia kwa ndugu mlimani. Nyekundu, hakuna anayelala bondeni. Utabiri unasema "baadhi ya maeneo ya Mkoa wa Dar es Salaam". Ni ninyi mnaojua ni mlango gani unaoanza kuingiza maji.

Mwisho wa yote, chapeni ramani kubwa, muitundike ofisi ya serikali ya mtaa, na nyingine msikitini, kanisani, kwenye duka la dawa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa, kwa hiyo hamuanzishi kitu cha pembeni, ni kazi ya kamati. Iandikwe kwenye mihtasari kwamba kila Februari na kila Septemba, kabla ya masika na kabla ya vuli, watu wanne wanaizungukia na kalamu nyekundu.

---

#11 Mzee_Vingunguti

Nawasalimu vijana. Mimi nimeishi kando ya Msimbazi tangu miaka ya sabini, mjukuu ananiandikia.

Mnasahau kitu. Mto huu hauanzi mjini. Unatoka huko milima ya Pugu na Kisarawe. Nimeona kwa macho yangu jua linawaka huku Jangwani, bondeni mjini, watu wanacheza mpira, na maji yanakuja. Zamani tulikuwa tunasikiliza harufu. Maji yakianza kunuka udongo mbichi na kubeba majani ambayo hayako huku, tunajua juu kumenyesha, tunaondoa mbuzi. Siku hizi mto unanuka viwanda na taka, harufu ile huipati tena.

Basi wekeni watu kule juu. Mtu wa Pugu apige simu kwa wa Vingunguti, wa Vingunguti apige kwa wa Kigogo, wa Kigogo apige Jangwani. Na nguzo ya darajani ipakwe rangi, kijani, njano, nyekundu, ili hata asiyejua kusoma akiona maji yamegusa njano apige simu.

---

#12 MpimaMitaro

Shikamoo mzee. Hili la nguzo ya rangi naliongeza kwenye maelezo ya fundi hapo juu. Kuna vipima maji vya kielektroniki vinavyotuma ujumbe wenyewe, na ni vizuri vikipatikana, lakini nimeona kimoja kikiibiwa betri ya sola ndani ya mwezi. Rangi kwenye nguzo haiibiwi. Ningeweka vyote viwili, na bado ningemtaka mtu wa Pugu mwenye simu.

Kwa wasiofuatilia: upo mradi mkubwa wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022. Humo kuna daraja jipya la Jangwani, kuchimba na kupanua mto na kulipa fidia waliopo bondeni. Ninauombea ufanikiwe. Lakini hata mto ukipanuliwa, mitaro midogo ya mitaani itabaki kuwa yetu.

---

#13 Binti_wa_Mjini_Magharibi

Assalamu alaykum. Huku Zanzibar ndege nyuki zilirushwa Unguja na Pemba zote, na wanafunzi wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) walifundishwa kuzirusha na kuzitengeneza wenyewe. Mimi nilikuwa mmoja wao. Najivunia sana kwamba picha zile tulizipiga sisi wenyewe, hazikuletwa na mgeni. Ila nakubaliana na mleta uzi: picha ya mwaka ule haikuonyeshi nyumba iliyojengwa juzi juu ya bwawa la kutuama maji, na kila mwaka zinajengwa. Kifaa kipo, rubani yupo, bajeti ya kurusha tena ndiyo inayosuasua. Tungerusha kila baada ya mvua za masika hata kwenye shehia (mitaa ya huku kwetu) tano tu zinazotota, tungekuwa na kitu cha kulinganisha.

---

#14 MpimaMitaro

Wa alaykum salaam dada. Kulinganisha, umesema neno. Picha mbili za miaka miwili zinakuonyesha maji yatahamia wapi. Ukiweza tufungulie uzi wako kuhusu shehia zinazotota, nitakuwa wa kwanza kusoma.

---

#15 FundiKalavati

Wakuu narudi na mrejesho, wiki tatu tangu niulize.

Tulikaa na wazee kumi na mmoja, karatasi nne. Vijana wamepima mitaro yote ya mashina mawili kati ya saba, bado tunaendelea. Tumekuta makalavati tisa. Matatu yamejaa mchanga hadi juu, ukimulika tochi huoni upande wa pili. Moja halipo kwenye ramani kabisa na ndilo linalopokea maji ya shule ya msingi. Tumelizibua hilo kwanza, Jumamosi nzima, walimu wakatuletea uji. Tulitoa chupa za plastiki, magunia, na godoro moja.

Mama mmoja alikataa kupimwa. Nikamwambia hatuandiki jina, nikamwonyesha fomu kwenye simu aisome yote. Akasoma taratibu. Akasema haya pimeni, lakini siku ya kuileta karatasi nataka niione mimi wa kwanza. Nimemuahidi.

Swali moja mkuu: nguzo yetu iko kwenye daraja la waenda kwa miguu. Njano niipake usawa gani?

---

#16 MpimaMitaro

Fundi, nimesoma nimesimama. Hongereni sana, na salamu kwa walimu.

Usiipake kwa kukadiria. Tafuteni nyumba ya kwanza kuingiza maji, ile ya chini kabisa. Fundi mwenye mpira wa maji wa kupimia usawa anaweza kuhamisha usawa wa kizingiti cha nyumba ile hadi kwenye nguzo, na mto una mteremko, kwa hiyo kama nyumba iko mbali na daraja ongezeni au punguzeni kwa jinsi mteremko ulivyo. Hapo ni nyekundu. Kisha waulizeni watu wa nyumba ile: maji yakianza kupanda kwa kasi, mnahitaji muda gani kutoa watoto na mgonjwa? Kama ni nusu saa, waulizeni wazee kwa nusu saa mto hupanda kiasi gani siku mbaya. Shukeni kiasi hicho chini ya nyekundu, pakeni njano. Mvua ya kwanza ikija, kijana mmoja akae na saa na kuandika, na mkiona tumekosea, pakeni upya.

Mjumbe wa nyumba ile ndiye aishike brashi.